Kenyatta alihukumiwa jengo gani Kapenguria?

Msafiri wa Kitale: Wakuu, nitapeleka wanafunzi wangu West Pokot. Nataka waone mahali Mzee Kenyatta na wenzake walipohukumiwa. Ni hii mahakama ya sasa?

Mwalimu Makutano: Hapana, ndugu yangu. Kesi ilisikilizwa katika chumba cha darasa, kuanzia Desemba 3, 1952, mbele ya Jaji Ransley Thacker. Hukumu ikatolewa Aprili 8, 1953: miaka 7 na kazi ngumu. Wakoloni walichagua huku makusudi. Eneo lilifungwa, mtu hakuingia bila kibali, na mawakili walilala Kitale, wakipanda kila asubuhi. Hilo ndilo linaloniuma nikisimulia: umbali wetu ulifanywa silaha. Wapeleke kwanza makumbusho, wakaingie seli za Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Oneko.

Chepkoti: Kweli mwalimu. Na ofisi za kaunti je, watoto wataziona?

Mwalimu Makutano: Ziko papo hapo Kapenguria. Bunge la kaunti lina wadi 20, na hapo ndipo ugatuzi wa 2013 unaeleweka vizuri: mtu wa Kacheliba, kwenye tambarare kavu karibu na Uganda, na wa vilima baridi vya Cherangani wanagawana bajeti moja. Bwawa la Turkwel liko mbali, msiliunganishe na safari ya siku moja.

Msafiri wa Kitale: Asante sana, mwalimu. Naandika barua kwa makumbusho leo.