"Jifunze mtandao kwanza": hivi ndivyo mteja anavyojibiwa?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Wale wakodishaji wa seva ambao sote humu tunawafahamu wameifunga poti ya seva yangu (tundu lake la mtandao kwenye swichi yao) saa nane usiku, na nilipouliza kosa langu nikajibiwa kwa maneno matatu: "Jifunze mtandao kwanza."

Nilinunua kwao anwani 4 za IP kwa ajili ya mashine pepe 4, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva hiyo moja. Niliziunganisha kwa daraja (swichi ya kiprogramu inayoziweka moja kwa moja kwenye mtandao wao), na kila moja ikajitokeza kwenye swichi yao na MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, inayoanza na 52:54:00, kama ilivyo kawaida ya KVM, programu ya Linux ya kuendeshea mashine pepe. Kumbe swichi inaitambua MAC ya seva mama, ile niliyokodi yenyewe, peke yake. Ilipoona nyingine nne, ikafunga. Sharti hilo nalikubali, lakini waliliandika wapi kabla ya kupokea fedha zangu? Mtu anakuuzia anwani 4, anakubali MAC 1, kisha anakwambia ujifunze mtandao kwanza!

Nimekesha nikihamia kwenye ruti, yaani seva mama inapokea pakiti na kuzipeleka kwa kila mashine: nimeweka ip_forward kuwa 1 ili Linux ipitishe pakiti, nimeipa kila mashine anwani yake ya /32 (anwani moja tu), na nimewasha proxy_arp ili seva mama izijibie mtandao unapouliza anwani hizo ziko wapi. Sasa pakiti zote zinatoka kwa MAC moja na swichi imetulia. Sentensi moja tu ingeniepusha na haya yote, nao wakanipa maneno matatu, tena bila hata salamu.

Mchangiaji wa 1: Pole, mkuu, lakini kosa ni lako. Kuweka daraja kwenye seva ya kukodi bila kuuliza ni kuingiza wapangaji wanne katika chumba ulichoandikishwa peke yako.

Mchangiaji wa 2: Usimwonee. Wapo wakodishaji wanaotoa MAC maalumu kwa kila IP ya ziada, na daraja linafanya kazi bila ugomvi.

Mchangiaji wa 3: Afadhali yenu mna waya. Mimi nilipoteza siku mbili nikijaribu daraja juu ya Wi-Fi, ilhali kituo cha Wi-Fi kinapokea fremu (vifurushi vya data) za MAC iliyojisajili kwake tu, na mwongozo niliofuata haukugusia jambo hilo.

Mchangiaji wa 4: Na Docker je, ile programu ya kuendeshea makontena? Niliisakinisha kwenye seva mama, ikaweka FORWARD kuwa DROP (pakiti za kupita zitupwe), na kwa kuwa moduli ya Linux iitwayo br_netfilter hupitisha pakiti za daraja kwenye iptables, kichujio cha pakiti, mashine zangu zote zikawa bubu.

Mchangiaji wa 3: Mkuu, hilo ndilo linalonisumbua tangu asubuhi. Uliongeza kanuni gani?