Mtandao ukikatika, kazi ya kwenye seva inakufa: nitumie tmux au screen?

Mkazi wa Nzuguni

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nikiwa hapa Dodoma ninahudumia seva ya Ubuntu iliyoko Dar es Salaam, na kwa sasa kazi yangu kubwa ni kurejesha hifadhidata ya PostgreSQL kutoka kwenye faili la nakala rudufu, kazi inayochukua saa kadhaa. Ninaingia kwa ssh, yaani njia ya kuingia kwenye seva nikiwa mbali, kwa kutumia bando la simu. Mtandao ukiyumba kidogo tu, skrini inaganda, kisha ninatupwa nje, na nikirudi ninakuta pg_restore, amri ya kurejesha hifadhidata, imeishia njiani, baadhi ya majedwali yamejaa na mengine ni matupu. Hata nikitumia intaneti ya nyumbani, umeme ukikatika mtaani ruta inazimika, ingawa kompyuta yangu inaendelea kwa betri.

Nimeelekezwa kutumia tmux au screen, programu zinazoiacha kazi iendelee hata muunganisho ukikatika. Ningependa kufahamu ni ipi inayomfaa anayeanza, na kama inawashwa kwenye kompyuta yangu au kwenye seva. Aidha, nimezoea kufungua terminali (dirisha la kuandikia amri) tatu kwa pamoja, moja ya kazi, nyingine ya kufuatilia logi na ya tatu ya kuangalia nafasi ya diski. Je, zote tatu zinaweza kukaa humo?

Fundi wa Kisasa

Mkuu, suala la mahali pa kuiwasha ndilo linaloamua mengine yote: iwashe kwenye seva, baada ya kuingia kwa ssh. Ukiiwasha kwenye kompyuta yako itakugawia skrini vizuri, lakini ssh iliyo ndani yake itaendelea kukatika kama kawaida.

Unapoingia kwa ssh, seva inakufungulia terminali, na pg_restore inaendeshwa chini ya terminali hiyo. Muunganisho unapovunjika, terminali inafungwa na programu zilizomo zinapelekewa ishara ya SIGHUP, ambayo kwa kawaida huziua. Ukitumia tmux, terminali za kazi zako zinamilikiwa na programu inayobaki hukohuko kwenye seva, na wewe unakuwa mtazamaji tu anayekuja na kuondoka.

Ukishaingia, andika `tmux new -A -s rejesha`. Chini kabisa ya skrini utaona mstari wa kijani wenye jina la sesheni (hapa ni rejesha) upande wa kushoto na saa upande wa kulia. Usipouona, haumo ndani ya tmux, kwa hiyo usianzishe kazi yoyote ndefu. Ukitaka kuondoka kwa hiari, bonyeza Ctrl na b kwa pamoja, achia, ndipo ubonyeze d. Wengi hukwama hapa kwa kushikilia vitufe vyote vitatu kwa mpigo. Mtandao ukikutupa nje, ingia tena na urudie amri ileile, kwani -A hukurudisha kwenye sesheni iliyopo badala ya kulalamika kwamba jina limeshatumika.

Kuhusu terminali tatu, zinakaa bila shida. Ctrl-b kisha % hugawa skrini kushoto na kulia, Ctrl-b kisha " hugawa juu na chini, na Ctrl-b kisha z hukikuza kipande ulichomo hadi kijaze skrini nzima. Binafsi ningeahirisha mapambo hayo hadi utakapozoea kutoka na kurudi.

Mzee wa Screen

Nami niitetee screen kidogo, maana ipo tangu 1987, ilhali tmux ilianza 2007. Ukikuta seva ya zamani ambayo huna ruhusa ya kuisakinishia chochote, huenda ukaikuta screen tu, na kwa tatizo lako inatosha: `screen -S rejesha` kuanza, Ctrl-a kisha d kutoka, `screen -r rejesha` kurudi. Kero yake ni kwamba Ctrl-a ndiyo ambayo bash, programu inayopokea amri unazoandika, huitumia kurudi mwanzo wa mstari, na vidole vilivyozoea hivyo vitataabika. Kwa anayeanza leo, hata mimi ningemwelekeza kwenye tmux. Red Hat, watengenezaji wa mfumo mwingine wa Linux, nao waliiondoa screen kwenye hazina yao kuanzia toleo la 8 la mwaka 2019.

Mtunza Data, Mtumba

Niongeze tahadhari. Sesheni za tmux zinaishi kwenye kumbukumbu ya seva, hivyo umeme wa Nzuguni hauzidhuru, lakini seva yenyewe ikizimwa au kuwashwa upya zote zinapotea. Kwa sababu hiyo ningeendesha pg_restore kwa `--single-transaction`, ili kazi ikikatika hifadhidata ibaki ilivyokuwa badala ya kuachwa nusunusu. Gharama yake ni kwamba chaguo hilo halikubali kuambatana na `-j`, kwa hiyo huwezi kugawa kazi kwa mikondo kadhaa ili iende haraka.

Pia usiiache sesheni ikiwa imefunguliwa kama root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Yeyote anayeingia kwa akaunti yako anaweza kuidaka kwa `tmux attach` na kuendelea ulipoishia, bila kuulizwa nywila ya sudo, amri inayompa mtu mamlaka ya root.

Mkazi wa Nzuguni

Ninawashukuru sana. Nimejaribu, nimezima data ya simu kwa makusudi, na niliporudi kazi ilikuwa ikiendelea. Limebaki jambo moja: ninawezaje kupanda juu kusoma mistari iliyokwisha kupita?

Fundi wa Kisasa

Ctrl-b kisha [, halafu tumia Page Up, na q kutoka. tmux hutunza mistari 2000 tu kwa kila kipande, nayo ni michache kwa pg_restore yenye `--verbose`, inayoandika kila hatua. Weka `set -g history-limit 50000` kwenye faili la ~/.tmux.conf, kisha `tmux source-file ~/.tmux.conf`. Kiwango kipya hakivigusi vipande vilivyokwisha kufunguliwa, hivyo fungua dirisha jipya kwa Ctrl-b kisha c kabla ya kuanza kurejesha.