Telegrafu ya 1844 ilivukaje kilomita 60 kwa betri tu?

FundiKoili (Kibuye, Kisumu)
Wazee, nitoeni ushamba. Kazi yangu ni kusuka koili za mota, kwa hiyo waya si mgeni kwangu. Kijana wangu wa kidato cha pili anataka telegrafu, kile chombo cha kutuma ujumbe kwa waya, ya maonyesho ya sayansi. Nimezungushia boliti waya mnene, mizunguko kama 40, betri mbili za tochi. Mezani inanasa chuma kwa kishindo. Tukivuta waya mwembamba mpaka nyumbani, mita 150 hivi, kimya. Sasa huyo Morse, Mmarekani wa telegrafu ya 1844, alitoka Washington hadi Baltimore, zaidi ya kilomita 60, na stima ya kampuni hakuna. Alipitia wapi?

MzeeWaReli (Nakuru)
Fundi, Morse naye alikwama papo hapo. Alikuwa mchoraji wa picha, habari za umeme alizipigia gumzo melini 1832 akirudi kwao kutoka Ulaya. Aliyemkwamua ni Leonard Gale, mwalimu wa kemia, ambaye alikuwa amesoma kazi ya mwanasayansi Joseph Henry. Mimi kikombe ningempa huyo Henry. Mwaka 1831 kule Albany aligonga kengele kupitia waya wa zaidi ya maili moja, wote umezungushwa chumbani.

Alichokiona ni hiki: kwa masafa marefu, koili iwe ya waya mwembamba, mizunguko mingi mno, na betri ziungwe mkia kwa kichwa, si sambamba. Mizunguko yako 40 inadai mkondo mkubwa, na waya wa mita 300, kwenda na kurudi, haupitishi mkondo huo kwa volti 3. Suka 1,000 ya waya kama unywele, tia betri nane. Safari ikizidi urefu, ndipo rilei, kama ile ya starta ya gari: mkondo dhaifu unavuta mkono mdogo, mkono unaunganisha betri nyingine mbichi.

FundiKoili
Na waya wa kurudi siwezi kuuruka? Nasikia ardhi inatosha.

MzeeWaReli
Inatosha, mwanafizikia Steinheil alilionyesha Ujerumani 1838. Lakini kwa udongo mkavu na volti 12 utalia. Nunua waya.

Nyar_Ahero
Morse, Morse, na Waingereza je? Cooke na Wheatstone walisajili yao 1837, sindano tano zinaelekea herufi kwenye ubao, huhitaji kukariri nukta wala mstari za alfabeti ya Morse. Herufi 20 tu lakini, Q haikuwepo. Januari 1845 John Tawell aliua mwanamke karibu na Slough, akapanda treni ya London akiwa kwenye vazi la Kwekeri, dhehebu la Kikristo, kwa Kiingereza QUAKER. Karani, kwa kukosa Q, akatuma KWAKER. Upande wa pili walikuna vichwa kwanza, ila Tawell alinaswa na akanyongwa.

FundiKoili
Kijana ameshika hiyo ya KWAKER, koili amesahau. Waya wa unywele nautoa kwenye transfoma ya redio mbovu. Mzee, sasa hizo betri nane unachangia ngapi?

MzeeWaReli
Mbili. Kama ataniita kwenye maonyesho.