Hivi Ulaya wafanyeje na hawa wakimbizi? Mlioko huko semeni ukweli

Mchuuzi_wa_Aggrey

Wakuu salaam. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa, mmoja anasema Wazungu wana roho mbaya wanaacha watu wanakufa baharini, mwingine anasema kila mtu ana nyumba yake na ana haki ya kufunga mlango usiku. Mi nilikaa kimya maana nina binamu yangu alizamia 2017 kupitia Sudani mpaka Libya, wakamkamata wakamfungia kwenye ghala, wakawa wanapiga simu nyumbani anasikika analia, ukoo mzima tukachanga kumtoa. Boti hata hakuiona. Saa hizi anabandika vioo vya simu hapa mtaani na ukitaja Libya anainuka anaondoka.

Sasa swali langu, tangu 2015 ile Merkel, kansela wa Ujerumani wakati huo, anasema "tutaweza" mpaka leo naona kila nchi inavuta kwake. Hungary kaweka uzio, Italia anapeleka watu Albania, Uingereza alitaka awalete hapa jirani Rwanda. Tuseme wewe ndo kiongozi kule, ungefanyaje? Naomba majibu ya watu wazima, matusi pelekeni kwenye nyuzi za Simba na Yanga.

Binti_Leipzig

Kaka yangu mleta mada, niko Ujerumani mwaka wa tisa, nalea wazee, nyumba ninayofanyia kazi imepakana ukuta na heim (hosteli) ya wakimbizi kwa hiyo haya mambo nayaona dirishani sio kwenye taarifa ya habari.

Watu wanajua tatizo ni mlango, ufunguliwe au ufungwe. Mi naona tatizo ni sebule. Mtu keshaingia, kakaa, haambiwi karibu wala haambiwi toka. Pale heim kulikuwa na mkaka wa Gambia, kila siku saa nne asubuhi anashuka kwenye masanduku ya barua na ndala zake, iwe barafu iwe nini. Anasubiri bahasha ya njano. Huku maamuzi ya serikali yanakuja kwenye bahasha ya njano na postamani anaandika tarehe kwa mkono juu yake, hiyo tarehe ndo saa yako ya kukata rufaa imeanza kuhesabu, wengi wanapewa wiki mbili, wengine wiki moja tu. Sasa fikiria hujui kusoma Kijerumani na bahasha imekaa siku nne kwenye sanduku.

Yule mkaka alikataliwa, akakata rufaa, akapewa ile karatasi yenye mstari mwekundu umekatiza, wanaita Duldung, maana yake ukiitafsiri ni kuvumiliwa. Yani hatujakukubali ila tumekuvumilia. Inaongezwa miezi kadhaa kadhaa. Kajifunza kuoka mikate, anaamka saa 8 usiku kwenda kazini, Kijerumani anaongea kunizidi mimi, na bado kila ikikaribia kwisha ile karatasi anakonda.

Sasa linganisha na Waukraine 2022. Umoja wa Ulaya walitumia sheria inaitwa ya ulinzi wa muda, mtu anashuka kwenye treni anajiandikisha anaruhusiwa kufanya kazi, hakuna kuhojiwa masaa sita umepita njia gani. Zaidi ya milioni 4 wamepokelewa hivyo na Ulaya haijazama. Na wala sio sheria mpya, ilikuwepo tangu 2001 imelala kabatini, 2015 Msyria anakimbia mabomu hakuna aliyeitoa. Kwa hiyo wakisema haiwezekani mi nacheka, imewezekana mbele ya macho yangu.

Ngosha_wa_Pasiansi

Dada hapo umeongea kwa uchungu nakuelewa ila tusidanganyane. Huruma haina bajeti. Sweden walikuwa na huruma kuliko wote, 2015 peke yake wameomba hifadhi watu kama laki na 63 kwenye nchi ya watu milioni 10, kabla mwaka haujaisha serikali yenyewe ya mrengo wa kushoto ikabana mipaka. Denmark kadhalika, wale wa chama cha wafanyakazi ndo wakali kuliko wahafidhina wa nchi zingine. Hao sio wabaguzi wa rangi waliojificha msituni, ni watu wa kawaida wameona shule na nyumba hazitoshi.

Halafu tuseme lile ambalo hatupendi kulisema. Wabongo wangapi wamejilipua, yani kuomba hifadhi kwa hadithi ya uongo? Mtu katoka zake Temeke, kafika mamtoni kachana paspoti, kawa Msomali, kawa Mrundi, kawa sijui Mpemba aliyepigwa 2001 wakati mwaka huo alikuwa darasa la pili Tandika. Halafu Mrundi wa kweli anakuja nyuma yake anaulizwa maswali kama jambazi. Nani kamharibia? Mi ningekuwa kiongozi wao, ukija na uongo narudisha kesho yake. Hivi sisi tungeletewa watu laki 9 kama Ujerumani 2015 tungekaa kimya?

Kasulu_damu

Ngosha mbona unauliza kama vile hatujawahi kuletewa? Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 daraja la Rusumo walivuka Wanyarwanda kama laki 2 na nusu ndani ya masaa 24. Siku moja mkuu, Ngara, wilaya ambayo kipindi hicho hata lami ilikuwa ya kutafuta. Kambi ya Benaco ikawa jiji kwa wiki moja. Na kabla yake tulishapokea Warundi wa 1972, wakapelekwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakapewa mashamba wakalima tumbaku, na 2014 serikali ikawapa uraia kama laki na 62 kwa mpigo. Nitajie nchi ya Ulaya iliyofanya hivyo.

Ila sijaja hapa kutusifia, mi nimekulia kilomita chache kutoka Nyarugusu. Kambi ile imefunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, kuna mtu kazaliwa mle, kaolewa mle, kazaa mle, na kutoka nje ya geti anahitaji kibali. Kulikuwa na soko la pamoja, mama yangu alikuwa anapeleka mihogo na mawese, wao wanatuuzia mafuta na unga wa mgao, kila mtu anapata, likafungwa. Baada ya hapo wakawa wanatoroka kwenda kulima vibarua mashambani kwetu, wanalipwa nusu ya tunacholipwa sisi, wakikamatwa wanapelekwa mahakamani. Na tusisahau Desemba 1996 wale wale wa Rusumo tuliwarudisha na askari nyuma yao.

Kwa hiyo hilo analosema dada wa Leipzig la sebule, sisi sebule yetu ina miaka karibu 30. Tofauti Mzungu anaandikia barua.

Uganda ndo wanafanya kidogo afadhali, pale kwenye makazi ya Nakivale na Bidibidi mtu anapewa kiwanja, anatembea, anafanya biashara, na wao wana zaidi ya milioni moja na nusu. Wana shida zao, viwanja vimezidi kuwa vidogo na mgao umekatwa sana, lakini angalau mtu mzima anaachwa awe mtu mzima.

Mkalimani_Kaskazini

Nimesoma uzi nikasema nipite, nimeshindwa. Nimefanya ukalimani wa Kiswahili Uingereza muda mrefu, sitaji jina la ofisi wala mji.

Ngosha hilo la kujilipua ni kweli kabisa na mimi nimekaa kiti cha pembeni nikitafsiri. Kesi nyingi zilikuwa za Wabajuni. Mbajuni wa kweli kutoka Kismayu, Chula, Koyama, Chovai, lugha yake ni Kiswahili, Kisomali anajua kidogo au hajui, na kwenye vita vya Somalia ukoo wake hauna bunduki, kwa hiyo ana haki ya kuogopa. Sasa kwa sababu anaongea Kiswahili wakaja wajanja kutoka Mombasa na Dar kujiita Wabajuni. Serikali ikaanza kupima watu lugha kwa simu. Nakumbuka mzee mmoja mvuvi, mikono imekatwakatwa na mshipi, anatamka "ch" pale mimi na wewe tunatamka "t", nilijua kabla hajamaliza salamu. Kaulizwa ataje visiwa kwa mpangilio kutoka kusini kwenda kaskazini. Akavitaja kama anavyopita na mashua kufuata upepo na samaki, sio kama vilivyo kwenye ramani. Wakaandika hana uhakika. Kijana aliyeingia mchana wake kavikariri kama jedwali la kuzidisha, na ukimsikiliza ni wa Magomeni mtupu. Mkalimani huruhusiwi kusema chochote, unatafsiri tu unameza mate.

Sasa dawa yako ya "narudisha kesho yake" ingemrudisha nani hapo? Ingemrudisha yule mzee. Haraka ni nzuri ila haraka ya mtu anayejua anachouliza. Mi ningekuwa na hela yao ningeajiri wahojaji wazuri na wanasheria kabla ya kununua hata mita moja ya uzio.

Na tukiongea hela, ule mpango wa Rwanda ulitangazwa Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikasema Novemba 2023 sio halali, serikali mpya ikaufuta Julai 2024 na kusema pauni kama milioni 700 zimeshateketea. Waliokwenda Rwanda ni watu 4, tena kwa hiari yao. Italia na Albania hivyo hivyo, Oktoba 2024 meli ya jeshi ikabeba wanaume 16, ndani ya siku chache wote wamerudi, mahakama imekataa. Hiyo sio siasa kali wala laini, ni kununua picha ya kuonyesha wapiga kura.

Huku mwombaji anapewa kama pauni 49 kwa wiki na haruhusiwi kufanya kazi mwaka mzima wa kwanza, halafu gazeti linaandika hawa wavivu wanakula kodi yetu. Agosti 2024 baada ya watoto kuuliwa kwenye mji wa Southport, mtandaoni wakavumisha muuaji kaja na boti. Mtu kazaliwa Cardiff! Watu wakaenda kuchoma hoteli ya waombaji hifadhi Rotherham wakiwa ndani. Wiki ile watoto wangu hawakutoka nje.

Ngosha_wa_Pasiansi

Mkalimani umenikamata kwa huyo mzee nakubali. Ila hujajibu upande wa pili. Yule wa Magomeni je? Akishagundulika kaongopa mbona harudi? Mnakaa naye miaka 10 mahakamani mpaka anapata mtoto shule halafu mnasema sasa haiwezekani. Wananchi wanaona hiyo na ndo maana Ujerumani wale AfD, chama kinachopinga wahamiaji, wamepata asilimia karibu 21 Februari 2025. Ukitaka watu wakubali wa kuingia lazima waone na wa kutoka anatoka.

Binti_Leipzig

@Ngosha hapo sikupingi hata kidogo. Wa Magomeni arudi. Mi ninachokataa ni kumchanganya yeye na muoka mikate kwenye gunia moja kisha kulifunga. Halafu hata hao Ulaya hawagawani sawa, sheria ya Dublin inasema ukikanyaga Italia kwanza kesi yako ni ya Italia, kwa hiyo Ugiriki na Italia wanabeba, na wakichoka wanaacha watu wapite kimya kimya. Mkataba wao mpya wa kuanzia Juni 2026 unasema nchi isiyotaka watu ilipe euro elfu 20 kwa kichwa. Hungary ameshasema hataki kichwa wala hela.

Oti_wa_Buru

Wasee wa Bongo mko deep leo. Mimi naongeza kitu moja tu, mbona hakuna anayeongea juu ya njia halali? Visa ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, saa hii ni euro 90, ukinyimwa hurudishiwi hata senti, na barua ya kukunyima wameweka tiki tu kwenye kiboksi. Cousin yangu ni fundi wa umeme, amenyimwa mara mbili. Kisha Septemba 2024 Kenya na Ujerumani wakasaini makubaliano Berlin, Ruto na Scholz aliyekuwa kansela wakiwepo, ati Wajerumani wanataka wafanyakazi, kila agenti hapa Nairobi akafungua ofisi ya kufunza Kijerumani, wazazi wakauza ng'ombe. Italia nayo ilitenga nafasi za kazi laki 4 na nusu hivi kwa miaka mitatu, 2023 mpaka 2025. So Ulaya wanahitaji watu, na wanajua wanawahitaji, lakini foleni imewekwa mahali mtu wa kawaida haioni. Boti ya mpira ndo haina fomu.

Mchuuzi_wa_Aggrey

Wakuu nashukuru, kijiweni leo nina silaha. Nimemsomea binamu yangu maneno ya Oti, mara ya kwanza tangu arudi kaongea habari za kule. Kasema hela tuliyotoa kumkomboa ilikuwa inazidi nauli ya ndege ya kwenda na kurudi Roma mara tatu.

Dada wa Leipzig, huyo wa Gambia aliishia wapi?

Binti_Leipzig

Aliondoka. Usiku mmoja bekari wamemsubiri hakutokea, simu haipatikani, wenzake wa chumbani wengine wanasema Ufaransa wengine Italia. Yule mwenye bekari, mzee mmoja mkorofi sana, alikuja heim mwenyewe na aproni yake kumuulizia. Bahasha ya njano ilikuja kama wiki mbili baadaye. Nimeiona kwenye sanduku maana kona ilikuwa imechomoza, tarehe imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Barua ya mtu haifunguliwi. Haya naingia zamu, nitarudi usiku.