Ekari mia mbili Kongwa za kufugia ng'ombe: anayepajua anisaidie

Mama Tunu, Reading

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Humu tumezoea kuulizana habari za viza, ada za watoto na nani ana nafasi kwenye kontena linalokwenda Dar. Leo nina la nyumbani. Mimi na baba Tunu tumekuwa tukiweka akiba ya kununua ng'ombe wa nyama, maana hizi zamu za usiku huku Uingereza hatutaziweza mpaka uzeeni. Dalali mmoja ametuletea ekari mia mbili Kongwa, Dodoma, anasema linafaa "kilimo na ufugaji". Kwenye video aliyotuma majani yanafika magotini, vilima vinaonekana kwa mbali. Eti eneo limepakana na ranchi ya taifa, lami iko jirani, na Wazungu walishalima pale zamani kwa hiyo ardhi imeshajaribiwa. Sisi ni watoto wa Temeke, Dodoma tumepita ndani ya basi tukiwa tumelala. Anayepajua Kongwa anieleze: mji ukoje, umetokana na nini, na pesa yetu ikienda kule inakwenda kuzaa au kuzikwa?

Juma wa Buguruni, Columbus

Dada, hapo pa "Wazungu walishalima" nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kuna nini. Muulize dalali wako walivuna nini! Mengine namwachia Mzee wa Tabata, ndiye aliyekula chumvi ya idara ya mifugo. Shikamoo mzee.

Mzee wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba Juma. Marahaba Mama Tunu, na mumeo msalimie.

Kongwa ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Mpwapwa. Ukitoka Dar kwa barabara ya Morogoro, ukishaipita Gairo unaingia wilayani: Pandambili, kisha Kibaigwa kwenye soko kubwa la mahindi, kisha Mbande. Pale Mbande unaiacha barabara ya Dodoma na kukata kushoto. Mji umekaa kwenye tambarare, mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na kusini yake vipo vilima vya Kiboriani vinavyoutenganisha na Mpwapwa. Huenda ndivyo ulivyoviona kwenye video. Wenyeji ni Wagogo, na upande wa mashariki Wakaguru.

Cha kukielewa kabla ya vyote ni mvua. Upepo wa bahari unaotoka kwetu Pwani ukifika milima ya Ukaguru unamwaga maji yake huku, ukivuka kule umebaki mkavu. Kongwa hupata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nusu ya mvua ya Dar, tena kwa msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Na katikati ya msimu, hasa Februari, inaweza kukata kwa wiki kadhaa mazao yakiwa bado machanga. Kuanzia Mei hadi Novemba usitegemee kitu. Kwa majani hayo, video yako imepigwa Machi au Aprili. Mwambie dalali akupigie nyingine Oktoba, palepale, aanzie kwenye mti uleule.

Wagogo wanalijua hilo tangu enzi. Ndiyo maana walishika ng'ombe, mtama na uwele. Hata hivyo ilipokuja njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, majeshi ya vita yakiwa yamekomba ng'ombe na nafaka na mvua nayo ikagoma, watu waliteketea. Njaa ile ina jina lake mpaka leo.

Sasa hao Wazungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, akaipelekea serikali yao wazo la kulima karanga Tanganyika. Wakatumwa wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Sehemu kubwa ya nchi waliikagua kwa ndege, wakarudi na hesabu ya ekari milioni 3 na ushee, kwa miaka 6, kwa pauni milioni 25 hivi. Maeneo yakawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ikatangulia mwaka 1947, maana haikuwa mbali na reli ya kati na ilionekana pori lisilo na mwenyewe.

Hapo ndipo nataka utulie, mama. Pori lile lilikuwa na watu wachache kwa sababu maji yalikuwa machache. Hakuna aliyewauliza Wagogo kwa nini hawakulijaza.

Kilichofuata mnaweza kukisia. Bandari yetu ya Dar ilikuwa ndogo kwa mzigo ule, na Septemba 1947 makuli wakagoma, mgomo ukapanda na reli mpaka bara. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya jeshi. Hata vifaru vya Sherman vilikatwakatwa kule Uingereza vikageuzwa matrekta. Mizizi ya kile kichaka ikayavunja. Mibuyu ikagoma kung'oka, na mingine ilikuwa na nyuki ndani, basi madereva waliruka wakaacha injini zikiunguruma. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga ni kama 7,500. Halafu udongo wenyewe: mfinyanzi wenye mchanga mkali unaokula majembe ya trekta. Ukilowa unalimika, ukikauka ni saruji. Na karanga, kama mjuavyo, huzaa chini ya ardhi na huchimbuliwa mvua zikiisha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, ikafuta hasara ya pauni milioni 36.

Mji wa Kongwa kwa sura yake ya kisasa umezaliwa na balaa hilo. Lilijengwa tawi la reli kutoka Msagali, likang'olewa baadaye. Palikuwa hata na shule ya watoto wa Kizungu iliyofungwa 1958. Yakabaki majengo, barabara za vumbi na maelfu ya ekari zilizokwisha kusafishwa kichaka, nazo zikaota majani. Shirika la kilimo la Tanganyika lililorithi mali ile likaingiza ng'ombe, na ng'ombe wakakubali. Ardhi ilikuwa ileile na mvua ileile, ila ng'ombe husogea kuyafuata majani na maji, karanga haiwezi. Mwaka 1968 ikaundwa kampuni ya ranchi za taifa, NARCO, na Kongwa ikawa mojawapo ya ranchi zake, hekta 38,000 hivi, maarufu kwa ng'ombe aina ya Boran. Jirani yake kipo kituo cha utafiti wa malisho cha TALIRI. Mpwapwa nako, ng'ambo ya vilima, ndiko walikozalisha ng'ombe wanaoitwa kwa jina la mji huo, kwa kuchanganya zebu wetu, wale wa nundu, na damu za India na Ulaya.

Natoka nje ya mada kidogo, vijana mnisamehe. Mwaka 1964, Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ikiwa na ofisi zake hapa Dar, Kongwa ilipewa wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji walikuwa pale, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, amekaa Kongwa, Chris Hani wa ANC amekaa Kongwa. Makaburi ya waliofia pale yapo. Dalali amesahau kukuambia hili, na kwangu ndilo la maana kuliko lami.

Turudi kwenye ekari zako. Ekari 200 ni kama hekta 80. Katika nchi kame ya namna ile ng'ombe mmoja mkubwa anahitaji hekta tatu, nne, akae mwaka mzima bila kununuliwa chakula. Piga hesabu: ng'ombe ishirini na ushee. Na hapo hujachimba lambo la maji, hujajenga josho la kuogeshea ng'ombe kuzuia ndigana kali inayoletwa na kupe, hujamlipa mchungaji, hujachanja kimeta na chambavu. Lambo lenyewe likikauka Septemba, ng'ombe wako wanatembea mpaka kwenye maji ya mtu mwingine, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Uhaba wa maji kule si wa kwenye makaratasi. Kongwa ilisifika miaka mingi kwa ugonjwa wa trakoma, ule wa macho unaopenda vumbi, nzi na nyuso zisizooshwa, hata watafiti kutoka Marekani wakaweka mradi pale.

Kwa hiyo mimi ekari mia mbili nisingenunua. Utajiri wa Kongwa kwa mtu wa akiba ndogo ni mahali ilipokaa. Pumba za mahindi ziko Kibaigwa. Alizeti inalimwa wilaya nzima, kwa hiyo mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yapo. Ng'ombe waliokonda wanauzwa bei ya chini minadani kiangazi, wakati kila mfugaji anataka kupunguza midomo. Na lori likitoka jioni, asubuhi liko mnada wa Pugu, na machinjio ya Vingunguti hawajawahi kusema nyama imetosha. Tafuta ekari kumi au kumi na tano zenye kisima chenye maji ya uhakika, nunua madume yaliyokonda, wanenepeshe kwa miezi mitatu, uza, anza upya. Anayetaka eneo kubwa la kuchungia aulizie vitalu ambavyo NARCO hukodisha kwenye ranchi zake. Ranchi haiuzwi, na yeyote anayekuuzia "kipande cha ranchi" mkimbie.

Dada wa Kinondoni, mambo ya ardhi

Shikamoo mzee, umemaliza kila kitu. Naongeza ya kwangu tu.

Mama Tunu, mmebaki na pasipoti za Tanzania au mmeshachukua za huko? Swali hili linatangulia bei. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unakoma, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake maalum. Kama ni hivyo, habari za Hadhi Maalum ya diaspora, ile ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, zisomeni kwenye sheria yenyewe, zile za kwenye WhatsApp mziache.

Pili, ekari zote hizo karibu lazima ziwe ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Dalali hana anachouza. Hata mwenyekiti peke yake hana. Dai muhtasari wa mkutano, wenye mahudhurio na saini. Halafu omba kuuona mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Kipande hicho kikiwa kimetengwa kuwa malisho ya wote, utakuwa umenunua kesi. Kiteto ni jirani hapo kaskazini, na Januari 2014 watu waliuawa kule kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji kwenye eneo la hifadhi la Emboley Murtangos. Hayo si ya kutania.

Na fedha isitumwe kwa simu ya dalali, hata iitwe "kishika uchumba".

Mama Tunu, Reading

Jamani, asanteni. Mzee nimekusoma mara mbili, baba Tunu kakusoma kimyakimya akazima simu ya dalali.

Pasipoti zetu bado ni za Tanzania, dada. La kunenepesha limetuingia. Yupo shemeji yangu pale Mbagala, alishawahi kuchunga, hana kazi ya kudumu. Tukimtuma akaangalie, aanzie wapi? Treni ya mwendokasi inamfikisha?

Mzee wa Tabata, Dar es Salaam

Treni inampeleka Dodoma, halafu itabidi arudi nyuma kwa barabara. Gulwe kuna kituo pia, ila kiko upande wa Mpwapwa. Mwambie apande basi la Dodoma pale stendi ya Magufuli, Mbezi, ashuke Mbande, achukue gari dogo la Kongwa.

Akifika aende kwa afisa mifugo wa wilaya kabla ya mtu yeyote mwenye kiwanja cha kuuza. Aulize magonjwa ya mwaka huu, josho gani linafanya kazi, na kibali cha kusafirisha mifugo kinapatikana kwa nani. Kisha kwa mtendaji wa kijiji. Kisha, na hili asiliruke, akae na majirani wa hicho kisima awaulize kinakauka mwezi gani, na kama maji yana chumvi. TALIRI apite aulizie mbegu za Cenchrus, nyasi za malisho, na marobota ya hei, yaani majani yaliyokaushwa. Mnadani aende bila pesa mara ya kwanza, asikilize tu bei.

Na huyo shemeji mpeni mshahara unaoeleweka. Ukimwachia "tutagawana faida", ng'ombe wa kwanza kufa atakuwa wako kila mara.

Juma wa Buguruni, Columbus

Mama Tunu, nauli ya shemeji nusu ni yangu, ilimradi ripoti ailete humu humu na bei ya mashudu kwa gunia. Mimi nina dola zangu kidogo nilizokuwa nimeziwekea bajaji.