Naomba ushauri: Fame ya zamani au ile ya 2009?

Wakuu habari zenu, binti yangu ana miaka 13 na kudansi kumemkolea kweli, sasa kila siku ananisumbua anataka kuangalia Fame, ile muvi ya madogo wa shule ya sanaa New York. Mi niliiona ya 1980 ya Alan Parker, wimbo wake ulibeba Oscar kabisa, ila mle kuna matusi, madawa na kile kipande mwanafunzi mmoja, Coco, anaambiwa avue blauzi mbele ya kamera, aisee siwezi kukaa nayo sebuleni na mtoto. Ya 2009 imepoozwa, yule mwigizaji Debbie Allen wa ile ya kwanza yumo tena safari hii ni mkuu wa shule, ila wengine wanasema haina chumvi. Mlioziona zote, nianze na ipi? Au nimwekee ya zamani nishike rimoti mwenyewe?