Wanunuzi wa maofisini, acheni kuwabebesha madevelopa mashine kwa kuangalia stika ya Core i7!

Wakuu, hili limezidi. Ofisi inaunda timu ya kutengeneza programu, halafu mtu wa manunuzi anatumwa Kariakoo na agizo moja tu: "Leta Core i7 used, bei iwe poa." Anapewa i7-6600U, anarudi kifua mbele. Hiyo prosesa, yaani ubongo wa mashine, ina kore 2 (viini vya kufanya kazi) na thredi 4 (kazi inazoweza kuendesha kwa mpigo)! i5-8250U mnayoiona ya kimaskini ina kore 4 na thredi 8. Someni namba, si stika: 6600 ni kizazi cha 6, 8250 ni cha 8. Microsoft inaikubali Windows 11 kwa Intel kuanzia kizazi cha 8, tena iwepo TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha 6 kinachouzwa kikiwa na Windows 11 kimelazimishwa.

Kibaya zaidi ni Windows ya kraki, yaani ya wizi iliyovunjwa leseni. Hizo programu za kraki kwa kawaida hudai antivairasi izimwe kwanza. Mashine hiyo hiyo ndiyo mnaiwekea funguo za seva za mteja! Futeni diski yote, pakueni Windows kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, mpige upya. Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, kwa hiyo hamna hata sababu ya kuiba.

Na hapo kwenye kupiga upya ndipo balaa jingine linapojitokeza. Used nyingi zilikuwa mali ya makampuni ya Ulaya. Ukishafuta diski na kuunganisha intaneti, inakuja skrini inayodai imeili ya kampuni ya huko, kwa sababu mashine bado imesajiliwa kwao kwenye Autopilot, mfumo wa Microsoft wa kuandaa mashine za makampuni. Kubadilisha diski hakusaidii, usajili umefungwa kwenye utambulisho wa mashine yenyewe, na wa kuuondoa ni mmiliki wa zamani au Microsoft. Nyingine BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka) ina nywila. Bila kuingia BIOS huwezi kuwasha VT-x (uwezo wa prosesa kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta), na VT-x ikiwa imezimwa, WSL 2 (Linux ndani ya Windows) na Docker (ya kuendeshea programu ndani ya makasha yake) havisimami. Developa anakaa siku nzima anaambiwa mzembe, kumbe kafungiwa mlango!

RAM nayo. GB 8 ni ya kuandikia barua. WSL 2 peke yake, usipoiwekea mipaka, inaruhusiwa kufika nusu ya RAM yote. Ongeza Docker, kivinjari na kihariri cha kodi, mashine inaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kila kitu kinaganda. GB 16 ndiyo chini kabisa, na ziwe kadi 2 za GB 8 ili zifanye kazi sambamba. Kisha fungueni faili la .wslconfig kwenye folda ya mtumiaji, chini ya [wsl2] andikeni memory=6GB.

Viongozi wa timu, nanyi hamjasalimika. Mradi unawekwa /mnt/c, yaani diski ya Windows ikionekana ndani ya Linux, halafu mnalalamika npm install (amri ya kushusha vifurushi vya mradi) inatambaa. Uwekeni ndani ya Linux yenyewe, kwenye ~/. Skripti ikigoma kwa "bad interpreter: /bin/bash^M", si vairasi, ni alama za kumalizia mistari za mtindo wa Windows. Wekeni faili la .gitattributes (la kanuni za Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi) lenye "* text=auto eol=lf" siku ya kwanza. Na ufunguo mmoja wa SSH (wa kuingilia seva kwa mbali) kuzungushwa kwa flashi timu nzima ni uzembe. Kila mtu atengeneze wake kwa ssh-keygen -t ed25519.

Mnunuzi, kabla hujatoa hela, hapo hapo dukani: iwashe, ingia BIOS. HP ni F10, Dell F2. Rudi Windows, fungua Task Manager, sehemu ya Performance: CPU ionyeshe Virtualization Enabled, Memory ionyeshe slots ngapi zimetumika. Malizia na amri ya powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, inayotoa ripoti ya betri, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Muuzaji akikataa usipime, toka, nenda duka la pili.